Intaneti na televizio kwenye bili moja: mteja aonyeshwe bei ya kila kimoja

Mjini Lubumbashi kama vile Kinshasa, waya wa fibre optike unaanza kuingia nyumbani, lakini mara nyingi hauji peke yake. Unakuja pamoja na dekoda. Mteja anayetaka intaneti anaambiwa achukue na televizio, bei ni moja, atapata faida. Inawezekana ni kweli. Shida ni kwamba hana namna ya kuhakikisha, kwa maana karatasi anayopewa ina hesabu moja tu.

Kuuza vitu viwili pamoja si kosa. Mama wa sokoni naye anaweka nyanya na vitunguu katika fungu moja. Lakini mnunuzi akimuuliza bei ya nyanya peke yake, anajibiwa papo hapo. Kwenye intaneti na televizio, swali hilo linapaswa kuwa na jibu vilevile.

Mfano ni rahisi. Nyumba moja inalipa dola 60 kwa mwezi kwa vyote viwili. Kama intaneti peke yake inauzwa dola 40, familia inajua televizio inaigharimu 20, nayo inaweza kuamua kama inazihitaji kwa karo ya mtoto. Lakini kama intaneti haiuzwi peke yake, familia hiyo haijachagua kitu. Imechaguliwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Upande wa chaneli, mambo ni magumu zaidi. Baba anataka habari, vijana wanataka mpira, watoto wanataka katuni. Mara nyingi mechi kubwa za Ulaya zinawekwa kwenye abonema za juu, na anayetaka mechi ya Jumamosi analipia makumi ya chaneli ambazo hakuna anayezifungua pale nyumbani. Kampuni zina hoja yao: haki za kuonyesha mpira ni ghali, zinanunuliwa kwa miaka kadhaa na kwa pesa za kigeni, na wenye chaneli nao huziuza kwa mafungu. Hoja hiyo ina uzito. Lakini isichanganywe na ufundi. Kwa setilaiti, chaneli zote zinashuka juu ya kila paa, na dekoda inafungua tu zile zilizolipiwa. Kwa fibre, nyumba inapokea ile chaneli inayotazamwa. Kinachomzuia mteja kuchagua ni mikataba, wala si waya.

Kuna na jambo la kasi. Picha nzuri ya HD inakula takriban megabiti 5 kwa sekunde. Televizio tatu zikiwaka kwa wakati mmoja, zinaweza kufika 15. Je, hizo zinatolewa ndani ya kasi ambayo mteja ameilipia, au zinaongezwa juu yake? Hilo liandikwe kwenye mkataba kabla ya kutia sahihi.

Milango ya kuchagua nayo inapungua. Mwezi wa Septemba 2025, Canal+ ilichukua uongozi wa MultiChoice, yenye DStv. Canal+ hiyohiyo inauza intaneti ya fibre kwa jina la CanalBox katika miji kadhaa ya Afrika, Kinshasa ikiwemo. Hakuna sheria inayokataza kampuni kukua. Lakini pale wauzaji wanapokuwa wachache, mwenye kulinda mnunuzi anapaswa kufungua macho zaidi.

Uhindi ilijaribu. Tangu mwaka 2019, msimamizi wa huko aliamuru kila chaneli ya kulipia itangazwe bei yake, na mteja achague mwenyewe. Si wote waliofurahi: baadhi waliona bili ikipanda, kwa sababu chaneli moja moja zilikuwa ghali kuliko walivyotarajia. Somo ni kwamba uhuru wa kuchagua hautoshi kama bei ya kila kipande haisimamiwi. Lakini angalau Mhindi alianza kujua analipia nini.

Hapa Kongo, intaneti iko chini ya ARPTC, na vipindi vya televizio viko chini ya CSAC. Abonema inayounganisha vyote viwili inaweza kuanguka katikati, kila ofisi ikimtazama mwenzake. Ofisi hizo mbili zikae pamoja na kudai mambo manne. Bili itenganishe intaneti na televizio. Intaneti iuzwe pia peke yake, kwa bei isiyowekwa ili kumtisha mteja. RTNC na chaneli za mikoa, zikiwemo za Kiswahili, zipatikane hata kwenye abonema ya chini kabisa. Na bei iandikwe kwa frank, pamoja na kiwango cha dola kilichotumika, kwa maana wengi wanapokea mshahara kwa frank.

Wananchi nao wasingojee tu. Ushuru wa RAM, uliokuwa ukikatwa kwenye uniti za simu, ulifutwa mwaka 2022 baada ya watu kupaza sauti. Walipaza sauti kwa sababu waliona kinachokatwa. Kwenye bili yenye hesabu moja, hakuna anayeona kitu. Mteja adai mchanganuo wa bei kabla ya kulipa, na akinyimwa, apeleke malalamiko yake kwa maandishi.