Siku Tatu za Kisiwani



Skuli zinakaribia kufungwa, na kama ilivyo ada ya kila kiangazi, mazungumzo ya barazani yamegeuka kuwa ya tiketi. Huyu anakwenda Unguja kwa kupitia Doha, yule Mombasa, wa tatu amepata bei nafuu ya Maskati. Mwenyezi Mungu awafikishe salama na awarudishe salama. Mimi mwezi huu nimeona niandike juu ya safari iliyokuwa fupi kuliko zote hizo, isiyohitaji pasi wala sindano ya homa ya manjano, ambayo kila nikiikumbuka hunijia utamu na uchungu kwa pamoja, mfano wa ubuyu uliotiwa sukari na pilipili. Ni safari ya siku tatu za mwisho wa Agosti 1996, ya familia tano, kwenda kisiwa cha Wight kilichoko kusini ya Uingereza, ng'ambo ya mji wa Portsmouth.

Familia hizo tano ziliunganishwa na nini, ni vigumu kumweleza mtu aliyekulia huku. Sisi ni watu wa Unguja. Wa pili walikuwa wa Mombasa, Mji wa Kale. Wa tatu ni Wapemba waliokuwa wakikaa Portsmouth. Wa nne, wakaazi wa Portsmouth vile vile, ni bwana mmoja wa Lamu, mwana wa nahodha, pamoja na mkewe na watoto wao. Wa tano walikuwa Wabarawa, waliokimbia vita vya Somalia vya 1991 baada ya mji wao kuporwa, wakapitia kambi ya wakimbizi Mombasa kabla ya kufika London. Hao walikuja na bibi yao, mama wa mume, aliyekwisha kupindukia miaka sabini. Lau kila mtu angelibaki kwao, tusingelijuana abadan. Bahari iliyoiunganisha miji yetu kwa karne nyingi haikutukutanisha. Tulikutanishwa na foleni ya duka la nyama ya halali, na harusi za watu wengine.

Shauri lilitoka kwa yule bwana wa Lamu. Alisema haiwezekani watoto wa watu wa visiwani wakue bila ya kulala kisiwani hata usiku mmoja. Akatukodia karavani tatu karibu na mji wa Ryde, nasi tukachanga kila nyumba kwa uwezo wake. Tulitaka kuwasamehe Wabarawa mchango, kwa kuwa hali yao tuliijua. Walikasirika. Wakaleta pauni kumi na tano na mikate ya mofa ya kutosha kulisha meli nzima.

Tulitoka London alfajiri ya Jumamosi, tukaziacha gari Portsmouth na kuvuka kwa meli ya abiria. Gati la Ryde, lililofunguliwa mwaka 1814, lina urefu wa karibu nusu maili, kwa sababu maji ya pale yakipwa hukimbia mbali mno na meli zisingeweza kuusogelea mji. Juu ya gati hilo hupita reli, na treni zilizokuwa zikitumika wakati ule zilikuwa ni zile za chini ya ardhi za London, za toleo la mwaka 1938, zikapelekwa kule kwa kuwa lipo handaki la reli ambalo paa lake ni la chini. Watoto wetu wa London walipoiona treni ya kwao, ya mashimoni, ikitembea juu ya bahari, walicheka hata wakakaa kitako. (Treni hizo zilistaafishwa Januari 2021, zikiwa na umri uliozidi miaka 80. Zimenishinda kwa utumishi.) Sufuria ya pilau ya mke wa bwana wa Lamu, iliyofungwa kwa kanga mbili, ilipewa kiti chake peke yake.

Adhuhuri ya kwanza ilizuka mas'ala. Sisi tuliotoka London tulikuwa wasafiri, tumekwenda zaidi ya maili sabini, na ruhusa ya kupunguza sala ilikuwa yetu. Wenzetu wa Portsmouth walikuwa wamevuka mkono wa bahari wa maili chache tu, na kwa madhehebu yetu ya Shafii hawakufikia masafa. Aliyekuwa na elimu zaidi ni bwana wa Mombasa, naye alikuwa miongoni mwa wasafiri. Basi akatuongoza rakaa mbili, akatoa salamu, na watu wa Portsmouth wakainuka kukamilisha nne. Tukakaa tukiwangojea. Watoto wakanongona: mbona baba yangu amekwisha na baba yako bado? Mwalimu hawezi kuiacha fursa kama ile, nami niliwaeleza pale pale, juu ya nyasi, nani msafiri na nani mkaazi, na vipi wote wawili husimama katika safu moja.

Bibi wa Barawa yeye alikuwa na lake. Maisha yake yote kwao alielekea kaskazini, kama tuelekeavyo sisi Unguja. Huku Uingereza kibla ni kusini-mashariki. Akasema tangu afike hujihisi kama kwamba Makka imehamishwa. Bwana wa Mombasa akamjibu kwa upole, "Mama, tuliohama ni sisi." Bibi akanyamaza kidogo, kisha akasema hilo analijua, lakini goti halijui.

Jumapili, baada ya Alasiri, maji yalikuwa yamepwa. Bahari ya Ryde ikipwa huacha uwanja wa mchanga mpana, tambarare kama mkeka, unaong'ara hata macho yakauma. Watoto wetu, kumi na mmoja kwa hesabu, walichukua mpira wakaenda mbali mpaka wakawa kama vitone. Sisi wanawake tulikuwa tumekaa ufukweni na chupa za chai na visheti. Wanaume walikuwa katika mjadala wa siasa, ambao kwa watu wa pwani hauna mwisho. Bwana wa Lamu hakuwamo mjadalani. Alikaa kando, ameegemea ukuta, kikoi kimepandishwa magotini, anatazama. Mwezi ulikuwa unaelekea kujaa, na mwana wa nahodha hahitaji kuambiwa kuwa bamvua lilikuwa njiani.

Akainuka. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Maji yamewapita nyuma," akaingia mchangani.

Tulipotazama hatukuona kitu. Upande wa mbele wa watoto, kule baharini, mchanga ulikuwa bado mtupu. Lakini baina yetu na wao palikuwa na bonde, la kina kidogo, lisiloonekana na jicho la mtu asiyezoea, na maji yalikuwa yakiingia humo kimya kimya kutoka ubavuni. Ndiyo hila ya ufuko tambarare: maji hayaji usoni kama adui wa haki, huzunguka. Alipolifika bonde yalikuwa magotini mwake. Aliporudi, wadogo wawili mabegani na wengine wameshikana mikono kama mnyororo, yalikuwa kiunoni. Mwanangu, aliyekuwa na miaka sita, alikuwa bega la kulia.

Hakumkaripia hata mmoja. Aliwakalisha, wakitetemeka ndani ya mataulo, akaokota kijiti na kuchora mchangani jua, mwezi na dunia. Akawafundisha bamvua ni nini na maji mafu ni nini, na kwa nini mvuvi huhesabu siku za mwezi kabla hajaushika mlango wa nyumba yake. Kazi yangu ya maisha imekuwa kufundisha; sijapata kuona darasa lililosikiliza vile. Jioni ile ile bibi wa Barawa aliteremka mpaka majini, akishikwa mkono na mjukuu. Hakuwa ameigusa bahari tangu aondoke Mombasa. Akachovya kidole, akaonja, akasema chumvi ni ile ile ila harufu hakuna. Akasimama pale muda mrefu. Hakuna aliyemwambia atoke, ingawa baridi ilikuwa imeanza.

Usiku, watoto walipolala, alitusomea utenzi wa Dada Masiti, yule mwanamke mcha Mungu na mshairi mashuhuri wa Barawa aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 20. Aliusoma kwa Chimwini, moyoni, bila ya karatasi. Mimi nilishika maneno nusu. Bwana wa Lamu, aliyekuwa amekaa nje kwenye ngazi ya karavani, alisema baadaye kuwa ameshika robo tatu, na robo iliyobaki ameilia tu.

Lipo jambo jingine la usiku ule ambalo nimelipima mara nyingi kabla ya kuliandika. Kutoka Ryde taa za Southsea, upande wa Portsmouth, zinaonekana wazi. Katika mji huo aliishi kwa zaidi ya miaka hamsini Sayyid Jamshid bin Abdullah, Sultani wa mwisho wa Zanzibar, aliyepinduliwa Januari 1964. Alihamia Oman mwaka 2020 na akafariki huko Desemba 2024. Mtoto mmoja aliuliza taa zile ni za wapi, na mtu mzima mmoja akataja jina hilo. Pakawa kimya. Miongoni mwetu walikuwamo ambao jamaa zao walidhurika mwaka ule, na ambao jamaa zao waliushangilia, na kila mmoja alilijua la mwenziwe. Mke wa bwana wa Pemba akasimama, akamimina chai upya, akaanza na yule aliyekuwa mbali naye zaidi. Hatujapata kulizungumza jambo lile, na sidhani kuwa tulikosea. Yapo mambo ambayo watu hulala nayo chini ya paa moja bila ya kuyafungua.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kurudi, tulikwenda Osborne, kasri alimofariki Malkia Victoria tarehe 22 Januari 1901. Kasri zima ni picha na dhahabu, nami silisifii sana. Lakini katika ujia wa kuendea ukumbi uliopambwa kwa namna ya Kihindi zimetundikwa picha za watu wa Bara Hindi, na miongoni mwao yumo Muislamu mmoja wa Agra, Abdul Karim. Alikuja mwaka 1887 kama mtumishi, kisha akawa mwalimu wa Malkia, akimfundisha Kihindustani na hati ya Kiurdu. Malkia alipofariki, mwanawe, Mfalme Edward wa Saba, aliamuru barua zao zichomwe moto na mwalimu arejeshwe India, alikofariki mwaka 1909. Wanafunzi wangu wa madrasa ya Jumamosi huipenda hadithi hiyo kwa ajili ya barua. Bibi wa Barawa aliuliza swali moja tu: huyu bwana alirudi kwao? Tukamwambia alirudi. Akasema alhamdulillahi, akaenda kukaa bustanini.

Bibi huyo alizikwa London mwaka 2001. Watu wa Mombasa walirejea kwao 2008, na Wapemba wakahamia Maskati kwa watoto wao. Safari ile hatukuirudia. Kila mwaka ilisemwa, na kila mwaka palikuwa na mtihani wa mtoto, au mgonjwa, au nyumba ya kujenga Unguja. Siku hizi watu wamejaaliwa uwezo, na familia hupanda ndege peke yake, ikafikia hoteli ya pwani ya mashariki ya Unguja yenye ukuta, ikala peke yake na kupigana picha peke yake. Simlaumu mtu, nami nimefanya hivyo. Ila nawauliza wanangu walicheza na nani, na jina hawalijui.

Bwana wa Lamu alifariki Aprili 2020, katika miezi ile ya maradhi ya korona ambapo mazikoni waliruhusiwa watu wachache wa karibu tu. Mwanangu, yule wa bega la kulia, ni mtu mzima sasa. Alitaka kwenda kulibeba jeneza. Haikuwezekana. Hitima tuliisoma kila mtu nyumbani kwake, kwa simu, sauti zikipishana, huyu yuko Yasini na yule bado Alhamdu. Katika misiba yote niliyoiona ugenini, huo ndio uliokuwa mzito kwangu: mtu aliyewavusha watoto wetu kumi na mmoja, kuvushwa kwake tusiwepo.

Wiki mbili zilizopita alinipigia simu binti yake mdogo, ambaye sasa ana watoto watatu na anakaa Leicester. Amewatafuta wenziwe wa safari ile, Maskati, Mombasa na London, na saba kati yao wamekubali kukutana Ryde mwezi wa Agosti, pamoja na watoto wao. Alikuwa na maswali. Pilau ya mama yake ilikuwa ya pishi ngapi? Nikamwambia hilo amuulize mama wa Mombasa, kwani ndiye aliyekuwa akipima mchele. Tulisali wapi? Nikamweleza: penye nyasi juu ya ufuko, mashariki ya gati, bahari ikiwa upande wa kushoto. Juu ya mchanga nilimwambia atazame jedwali la maji kujaa na kupwa kabla ya kuwaachia watoto na mpira. Akanijibu kuwa amekwisha kulitazama, la Agosti nzima, na siku za bamvua amezitia alama.