Valborg Naye Alikuwa Mhamiaji

Kila ifikapo Aprili maneno hapa Tensta ni yale yale. Baadhi ya wazee wetu wanawazuia watoto kwenda kwenye moto wa Valborg, ati ni sikukuu ya wachawi. Mwaka jana binti yangu mdogo alirudi kutoka kwa jirani akilia: ameambiwa akienda kule atarudi na jini. Nimenyamaza miaka mingi. Sasa nasema, tunawadhulumu watoto kwa jambo ambalo hatukulichunguza.

Valborg ni Walburga, aliyezaliwa kusini mwa Uingereza karibu mwaka 710. Hakuwa Mswidi, wala Mjerumani. Alivuka bahari kwenda Ujerumani kwa kazi ya dini, akiwafuata kaka zake Willibald na Winnibald. Winnibald alianzisha monasteri ya Heidenheim mwaka 752; alipofariki mwaka 761, dada yake akashika uongozi, watawa wa kike na wa kiume wote chini yake. Mwanamke, tena mgeni, karne ya 8! Vyama vyetu humu mjini vingapi vimepata kuwa na mwenyekiti mwanamke? Haya, hilo la siku nyingine.

Huyo Willibald alifika hadi nchi ya Sham, akafungwa kwa kudhaniwa jasusi. Baadaye akapitisha zeri kwenye forodha ya Tiro ndani ya kibuyu, mdomoni akatia mwanzi wenye mafuta ya ardhini ili maofisa wanuse hayo tu. Naam, kibuyu! Kisa hicho alikiandika mtawa wa Heidenheim, Huneburc, naye mhamiaji kutoka Uingereza, aliyeficha jina lake kwa fumbo la herufi ambalo halikufumbuliwa hadi mwaka 1931. Mimi mhandisi sichoki kulifikiria fumbo lile.

Uchawi umetoka wapi basi? Karibu mwaka 870 masalia ya Walburga yalihamishiwa Eichstätt, na 1 Mei ikawa siku ya kumkumbuka. Mkesha wake ukakutana na majira ya kuwasha mioto ya kufukuza wanyama wakali, mifugo ikitolewa malishoni. Hadithi za wachawi wa mlima Brocken zikaingizwa humo humo, na jina la mama wa watu likabandikwa usiku wa wachawi. Kosa lake nini?

Anayeogopa ushirikina namwambia hivi: kanisa la Spånga, hapa hapa kwetu, limesimama tangu karne ya 12, na Wakatoliki waliswali humo kabla ya Waluteri. Tangu karne ya 16 Waswidi waliacha kuwaomba watakatifu. Kwenye moto utasikia kwaya ikiimba nyimbo za majira ya kuchipua, na hotuba ndefu. Zipo soseji, anayejali halali asile.

Tunalalamika kwamba Waswidi hawatualiki. Moto huu hauna kadi. Jioni ya 30 Aprili mimi na binti yangu tutakuwa pale na chupa ya chai ya tangawizi. Vaeni makoti, maana mgongoni bado ni baridi.