Meli ya Kwenye Kabati ni Sanamu Tu

Wasee, kuna watu wawili wananimaliza. Mmoja ni yule jamaa anasema nikitoboa meli ya plastiki ya kuunganisha nimeiharibu, ati mahali pake ni kabatini. Mwingine ni anko, anauliza kama niliacha kampasi ndio nije kucheza na vitu vya watoto. Leo nawajibu wote.

Chukua Titanic ya skeli 1/400. Meli yenyewe ilikuwa na urefu wa mita 269, kwa hivyo modeli ni kama sentimita 67. Kabatini inaweza kuwa na uzito wowote, nani atajua? Sasa iweke majini. Titanic ilikuwa na uzito wa tani 52,310 hivi. Urefu unaugawanya kwa 400 mara moja, lakini uzito unaugawanya kwa 400, tena kwa 400, halafu tena kwa 400. Unabaki na gramu 817. Hiyo ndiyo bajeti yako yote: plastiki, gundi, rangi, betri, mota, kimota cha kugeuza usukani, na kifaa cha kunasa mawimbi ya rimoti. Ukizidisha, inazama kupita mstari wake. Ukipunguza, inaelea juu juu kama kopo. Na uzito ukikaa juu badala ya chini kwenye mkuku, inapinduka hapo hapo.

Anko, huo ni mchezo? Kampasi nilichorewa mota ubaoni muhula mzima, sikushika hata moja. Hii nimeitoa kwenye printa mbovu, nyaya nikanunua Luthuli Avenue.

Na hilo tundu linalomuuma jamaa wa kabati ndiyo kazi yenyewe. Shafti ya propela lazima itoke nje chini ya maji, na maji yasiingie. Unapitisha kibomba chembamba, unakijaza grisi, shafti inazunguka ndani yake. Jaribu kufanya hivyo na superglue ya haraka haraka uone.

By the way, bomba la nne la Titanic halikuwa la moshi wa boila, lilikuwa hasa la kupitisha hewa. Mimi nafichia antena hapo. Mawimbi ya gigahezi 2.4 hayapiti majini vizuri, kwa hivyo antena ikikaa chini, meli inaacha kukusikia ikiwa katikati ya bwawa.

Anko, Jumapili naishusha majini. Kuja na kaptura, rimoti ikigoma ni wewe utaingia kuitoa.