Waviking hawakuwa wajinga

Nilipotea kidogo. Wiki mbili hizi zilikuwa za testi, kila mtu hapa anatembea na madesa mkononi, hata salamu hatupeani vizuri. Leo nimepumua, nikasema ngoja niandike jambo linalonikera toka Jumamosi.

Jumamosi usiku tulikuwa watu sita chumbani, kompyuta moja, tunaangalia ile sinema ya Thor ya mwaka 2011. Ilipoisha jamaa mmoja wa uhandisi akasema, "Hivi hawa watu wa kale walikuwa wajinga kiasi gani? Mtu mzima na ndevu zake anaabudu mwenye nyundo!" Tukacheka wote. Na mimi nilicheka. Lakini semista iliyopita nilisoma somo la historia ya Ulaya ya kale, na nilipopanda kitandani nikajiona kama nimemsengenya mtu ambaye namfahamu. Basi leo namtetea.

Kwanza tuwaweke mahali pao. Hawa ni watu wa Denmark, Norwei, Uswidi na baadaye Iceland. Zama za Waviking wanahistoria huzihesabu toka kama mwaka 793 hadi 1066. Sinema zinatuonyesha mashoka tu, lakini wengi wao walikuwa wakulima, wafugaji na wavuvi. Baridi ya kule ni ndefu, na kaskazini kabisa kuna wiki jua halichomozi. Mavuno yakiharibika hakuna wa kukuletea msaada. Chombo kikizama, kimezama.

Sasa angalia miungu yao. Thor ni ngurumo na ulinzi. Freyr ni mvua, jua na rutuba ya shamba. Njord ni bahari na upepo. Yaani ukiandika orodha ya vitu ambavyo vingeweza kumuua mkulima wa Norwei kabla ya mwaka kuisha, karibu umeandika orodha ya miungu yake. Wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua vinyundo vidogo vya Thor ambavyo watu walivaa shingoni. Mtu havai kitu hicho kwa sababu ya ujinga. Anavaa kwa sababu anaogopa, na ana watoto nyumbani.

Pili, ilikuwa nipe nikupe. Mwaka 922 msafiri kutoka Baghdad, Ibn Fadlan, alikutana na wafanyabiashara walioitwa Rus kando ya mto Volga, watu ambao wasomi wengi wanaona asili yao ni Skandinavia. Anaeleza kwamba mfanyabiashara akishuka tu chomboni alikwenda moja kwa moja kwenye nguzo ya mti iliyochongwa uso wa mtu, na mkate, nyama, vitunguu, maziwa na pombe. Anataja bidhaa alizoleta, kisha anaomba aletewe mteja mwenye pesa nyingi asiyebishana bei! Biashara ikilala, anarudi na zawadi ya pili, halafu ya tatu. Akiuza vizuri anachinja ng'ombe na kondoo wa shukrani. Usiku mbwa wanakula ile nyama, asubuhi jamaa anafurahi kwamba bwana wake ameipokea.

Hapo unaweza kucheka tena. Mimi niliposoma nilijiuliza ni nani kati yetu hajawahi kupiga magoti usiku wa kuamkia mtihani na kuahidi mambo ambayo matokeo yakitoka ameshayasahau. Yule wa Volga angalau alilipa deni lake.

Tatu, na hii ndiyo naiona nzito kuliko zote, kwao haikuwa "dini" kama sisi tunavyoielewa. Hawakuwa na neno la namna hiyo. Walisema siðr, maana yake mila, desturi. Swali la "unaamini?" halikuwa kubwa kama swali la "utakuja?" Sadaka yao, blót, ilikuwa mnyama anachinjwa, nyama inapikwa, watu wanakula na kunywa pamoja wakiomba mavuno mema na amani. Asiyekula amejitenga na wenzake.

Muulizeni mfalme Hákon wa Norwei, karne ya 10. Alilelewa Uingereza akawa Mkristo, akarudi kutawala watu wa mila ya zamani. Snorri Sturluson, aliyeandika karne ya 13, anasimulia kwamba wakulima walimtaka ale nyama ya farasi kwenye karamu yao. Akakataa. Ikabaki kidogo wamshambulie, mwisho akakubali kufungua tu mdomo juu ya mpini wa chungu wenye mafuta ya ile nyama, na mpini wenyewe ameufunika kwa kitambaa. Hakuna upande ulioridhika. Wakulima wale hawakuwa wanabishana elimu ya dini. Walitaka kujua kama mfalme ni mwenzao.

Halafu kuna Helgi Mwembamba, mmoja wa waliohamia Iceland. Alimwamini Kristo na shamba lake akaliita Kristnes, lakini safari ya baharini na kazi ngumu alimwita Thor. Jamaa wa uhandisi atasema ni unafiki. Mimi nasema ni mtu anayejua bahari.

Sasa nisije nikawapaka asali. Huyo huyo Ibn Fadlan aliona mazishi ya mkubwa mmoja wa Rus ambapo msichana mtumwa aliuawa ili achomwe pamoja na bwana wake ndani ya chombo. Na wale wafanyabiashara, kati ya bidhaa walizozitaja mbele ya nguzo yao, walikuwemo wasichana wa kuuza. Kuelewa kwa nini watu waliabudu si kusema kila walichofanya kilikuwa chema. Mila iliyomlisha mkulima ndiyo hiyo hiyo iliyomuua yule binti, na jina lake hatulijui. Nimeliwaza hilo kuliko nyundo.

Lakini kuna kitu kimoja kinaniheshimisha mbele yao. Miungu yao ilikuwa inakufa. Odin alitoa jicho moja apate hekima, na hekima yenyewe ikamwambia kwamba siku ya Ragnarök ataliwa na mbwa mwitu. Thor ataua nyoka mkubwa, kisha atatembea hatua tisa na kuanguka kwa sumu yake. Wanajua watashindwa, na bado wanakwenda vitani. Mtu aliyeishi kwenye baridi ile, ambaye kila mwaka alizika mtoto au ndugu, nadhani hakuhitaji mungu asiyeguswa na lolote. Alihitaji anayejua kupoteza na bado anaamka asubuhi.

Kwa hiyo ndugu yangu wa uhandisi, wewe wa kitanda cha juu, nimemaliza. Walikuwa na akili kama zako, ila hawakuwa na utabiri wa hali ya hewa. Mengine tubishane kesho kwenye foleni ya chakula, na safari hii maharage unalipa wewe.