Kama inashika pesa ya watu, kufuli ije kwanza

Siku hizi kila nikipita Wote ama Kitui mjini kuna mtu anaunda mfumo wa chama, wa sacco, wa stage ya bodaboda. Safi sana. Lakini nikiuliza usalama unaingia lini, jibu ni lilelile: "Tumalize kwanza, hiyo tutaongeza."

Hiyo ndiyo njia ya kawaida. Unauliza mteja anataka nini, unachora, unaandika, unajaribu, halafu mwisho kabisa ndio unatafuta mashimo. Kwa ukurasa wa kuonyesha bei ya maembe, sawa tu, usijisumbue. Kwa akiba ya akina mama wa chama? Zii.

Chukua malipo ya M-Pesa. Mteja akilipa, Safaricom inatuma ujumbe kwa seva yako kwamba pesa imeingia. Sasa kama programu yako inaamini kila ujumbe unaofika kwenye ile anwani, mjanja akiijua anatuma wake wa kujitungia, na mfumo unaandika 5,000 imepokelewa. Hakuna hata bob imeingia! Siku ya kuchora ungejiuliza tu: nani mwingine anaweza kutuma huu ujumbe? Hapo ungeongeza hatua ya kuuliza Safaricom yenyewe kama huo muamala upo. Ukingoja mwisho, salio, risiti na ripoti zote zimeshajengwa juu ya ujumbe ambao haukuhakikiwa, na kurekebisha ni kubomoa nusu ya nyumba.

(Mimi chuo sikumaliza, kwa hivyo usiniambie haya ni mambo ya maprofesa.)

Tena si hiari. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 41, inataka ulinzi uwekwe tangu mfumo unapobuniwa. Na usidhani wanaoandamwa ni mabenki pekee: Septemba 2023 shule moja ilipigwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuposti picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Najua utasema mteja anataka kazi kwa wiki mbili na bajeti ni ya kuku. Basi punguza vitu, usiguse kufuli. Mpe kuweka pesa, kutoa, na kuona salio, zikiwa zimefungwa vizuri. Zile grafu za rangirangi anazopenda mwenyekiti zinaweza kungoja mwezi ujao.