Bustani ya Nyumba: Ua Liitwalo Kinga cha Moto



Dominika moja, baada ya Misa, baba mmoja wa jamaa alitungojea nje ya kanisa. Alikuwa na shauri lililomlemea. Mke wake, alisema, alitwaa upande mmoja wa kishamba chao, mahali panapotosha mistari miwili ya maharagwe, akapanda maua. «Nyumbani tu watu tisa,» akatuambia. «Je, maua huliwa?» Basi siku ya Alhamisi alishika jembe, akayang'oa yote, akayatupa jalalani. Tangu siku ile mama hasemi naye ila neno la lazima.

Hatukumcheka baba yule. Mtu mwenye watoto saba anayehesabu mistari ya maharagwe si mchoyo, ni mlinzi wa chungu cha nyumba yake. Lakini tulimwuliza maua hayo ni ya namna gani, naye akatueleza: majani marefu membamba, yaliyojikusanya kama shina la nyasi nene, katikati bua lililosimama wima, na juu ya bua kichwa chekundu kwa juu, cha manjano kwa chini, kana kwamba mtu amechomeka ardhini ukuni unaowaka. Tulilijua mara moja.

Ua hilo wataalamu huliita Kniphofia. Jina hilo lilitolewa mwaka 1794 na Conrad Moench, kwa heshima ya Johann Hieronymus Kniphof, mwalimu wa uganga katika mji wa Erfurt huko Ujerumani. Wanaosema Kifaransa huliita «tison de Satan», maana yake kinga cha Shetani. Tunawasihi wasomaji wetu wasimpe Shetani kitu asichokiumba. Sisi tutaliita kinga cha moto, inatosha.

Watu wengi hudhani kwamba ua hili lililetwa na Wazungu, kwa sababu waliliona kwanza katika bustani za misioni au mbele ya nyumba za wakubwa. Sivyo. Aina zake ni kama 70, na karibu zote asili yake ni Afrika. Chache tu ziko Madagaska na Yemeni. Wazungu walizichukua kusini mwa Afrika, wakazipanda kwao tangu karne ya 18, wakazichanganya, na baadaye wakatembea nazo duniani pote. Hata katika nyanda za juu za nchi zetu za Maziwa Makuu kuna aina yake ya kienyeji, iitwayo Kniphofia grantii, kwa jina la James Augustus Grant, aliyesafiri pamoja na Speke kutafuta chemchemi za Nili, mwaka 1860 hadi 1863. Basi ua hili ni mwenyeji. Aliyekuja kulitazama ndiye mgeni.

Tukaenda na yule baba mpaka kwake. Mama alitukaribisha, akatupa viti, akanyamaza. Tulipomwuliza habari za maua, alitujibu kwa maneno machache. Shina la kwanza alilipewa na mama yake mzazi, katika kijiji ambacho wote walikikimbia wakati wa vita. Mama yake hakufika mjini. Kijijini hakuna mtu wa ukoo wao aliyebaki, wala kaburi wanaloweza kulizuru. Kitu pekee kilichotoka kule ni mzizi ule, aliouchukua ndani ya kitambaa kilicholowa maji.

Mume wake aliinamisha kichwa. Miaka yote hiyo hakulijua jambo hilo, kwa sababu hakuuliza, na mama naye hakusema. Hapo, wazazi wapenzi, ndipo tulipoona kwamba ugomvi haukuwa wa maharagwe wala wa maua.

Tulikwenda sote jalalani. Mashina mawili yalikuwa yamekauka kabisa. La tatu lilikuwa chini ya majivu na maganda ya ndizi, majani yake yamenyauka, lakini mizizi yake minene ilikuwa ingali mibichi. Mmea huu hujiwekea akiba yake chini ya udongo, na kwa hiyo hauvunjiki moyo upesi. Baba mwenyewe alichimba shimo jipya. Namna alivyolipanda ndiyo namna tunayowafundisha leo.

Kwanza, mahali. Kinga cha moto hupenda jua la mchana kutwa. Kivulini hutoa majani tu. Hupenda maji wakati wa kukua, lakini hakivumilii maji yanayotuama penye shina, kwani huoza. Kwa hiyo tafuta mahali palipoinuka kidogo. Si lazima kuwanyang'anya watoto chakula: panda kandokando ya njia iingiayo nyumbani, au juu ya ukingo wa mfereji, au mpakani, pale ambapo maharagwe na lengalenga hukanyagwa na wapitao. Baba yule alichagua ukingo wa njia, hatua kumi kutoka mlangoni.

Pili, kupanda. Ngoja mvua za Septemba. Chimba shimo pana kuliko mizizi, ulainishe udongo, uchanganye samadi iliyokwisha kuoza vizuri. Samadi mbichi huchoma mizizi. Kata majani yabaki nusu, yasikaushe shina kabla mizizi haijashika. Mizizi ifunikwe vizuri, lakini moyo wa mmea, pale majani yanapotokea, usizikwe kwa kina. Kati ya shina na shina acha nafasi ya sentimeta 50 au 60, maana yatanenepa.

Tatu, kutunza. Katika kiangazi, Juni hadi Agosti, maji yaliyooshea mboga yanatosha kuliponya shina changa. Ua likiisha kunyauka, kata bua lake chini, ili mmea usipoteze nguvu kwa mbegu. Konokono hupenda kulala kati ya majani. Watume watoto jioni wawaokote.

Nne, kuzidisha. Mbegu huota, lakini mara nyingi hungojewa miaka miwili au mitatu kabla ya ua la kwanza, tena rangi yaweza kubadilika. Njia bora ni kuligawa shina kubwa kila baada ya miaka minne au mitano, kila kipande kikiwa na mizizi na majani yake. Usishangae kipande kipya kisipochanua mwaka wa kwanza. Wala msiende kung'oa mimea katika hifadhi ya Kahuzi-Biega, ambayo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1970. Mwombe jirani.

Na faida yake? Vijimaua vyake hufunguka kuanzia chini kwenda juu, vikigeuka kutoka wekundu hadi umanjano, na ndani yake mna maji matamu. Chozi huja kuyanyonya, na nyuki pia. Maboga hayazai pasipo wadudu wa kuchukua chavua. Mwenye maboga karibu na maua yenye nyuki hatalalamika. Tena katika sikukuu ya Pentekoste, Kanisa linapovaa rangi nyekundu, hatujui ua la kwetu linalofaa altare kuliko hili.

Bwana wetu alipowaonyesha wanafunzi wake maua ya mashamba, aliwaonyesha watu waliokuwa na wasiwasi wa chakula. Hakuwadharau kwa wasiwasi wao. Aliwafundisha kwamba Baba anayejua njaa yetu anajua pia uzuri tunaouhitaji. Baba wa nyumba na afanye hesabu ya maharagwe, ni wajibu wake. Lakini kabla ya kuinua jembe juu ya kitu alichokipanda mke wake, na aulize: hiki umekitoa wapi? Na mama naye asifiche moyoni jambo ambalo mume wake angelilinda kama angelijua. Wazee husema: kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Shina lile limeshika. Lina majani mapya matano, na mpaka sasa halijachanua. Siku ya Jumapili iliyopita tulimwona baba yule akilimwagilia maji, huku mama akisimama mlangoni akimwambia yanatosha.