Hisa Si Hisani

Mgeni anayeingia Soko la Kariokor huviona kwanza viondo, viatu vya ngozi na moshi wa nyama choma. Jina la mahali penyewe halimshughulishi. Lakini sisi wa mtaa huu, pamoja na jirani zetu wa Ziwani, Starehe na Pumwani, tunajua lilikotoka. Ni jina la Carrier Corps, kikosi cha wachukuzi cha Mwingereza, lililogeuzwa na ndimi za wazee wetu. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kati ya 1914 na 1918, Waafrika walikusanywa, wengi wao kwa nguvu, wakabebeshwa chakula na risasi za jeshi hadi ndani ya nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika. Makumi ya maelfu walikufa, wengi zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Na mishahara ya wengi katika waliokufa haikuwafikia jamaa zao.

Walibeba mzigo wao; hesabu ikabaki kwa wengine.

Tumeanza na habari hii ya zamani kwa sababu jambo tunalotaka kulijadili leo nalo ni la mzigo na hesabu. Mwaka 2025 Bunge la Taifa liliidhinisha kuuzwa kwa asilimia 65 ya umiliki wa Serikali katika Kampuni ya Mabomba ya Mafuta kwa njia ya soko la hisa. Desemba ya mwaka huohuo Serikali ikatangaza mpango wa kuiuzia Vodacom asilimia 15 ya Safaricom, kwa shilingi 34 kila hisa. Kila mauzo ya namna hii yanapotangazwa, mwananchi huambiwa kwamba huu ndio wakati wake wa kuwa mwenye mali. Sisi tunauliza: je, kabla ya hapo mali hiyo ilikuwa ya nani?

Shirika la umma lilijengwa kwa kodi. Mama anayesuka kiondo pale sokoni hulipa kodi anaponunua sukari, anapopanda matatu, na anapotuma fedha nyumbani kwa simu. Kwa hiyo, kabla ya tangazo lolote gazetini, yeye tayari ni mwenye shirika hilo, sawasawa na tajiri wa Muthaiga. Hisa zinapouzwa, usawa huo hukoma. Kuanzia siku hiyo mwenye fedha atamiliki kwa kadiri ya fedha zake, na asiye nazo atakuwa ametoka katika umiliki pasipo kupigiwa hodi. Hatusemi kwamba kuuza ni dhambi. Twasema kwamba anayeuziwa kitu kilichokuwa chake ana haki ya kuuliza maswali mengi kuliko mnunuzi wa kawaida.

Tuitazame historia. Mwaka 1988 Serikali iliuza asilimia 20 ya Benki ya Biashara ya Kenya kwa umma. Wasomaji wetu wanaukumbuka mwaka huo kwa sababu nyingine. Ni mwaka wa mlolongo, ambapo wapiga kura walisimama foleni nyuma ya wagombea, na foleni fupi ikaweza kutangazwa kuwa ndefu. Mwananchi aliaminiwa kuleta akiba yake benki ya umma inapouzwa, wala hakuaminiwa kupiga kura ya siri. Nani angethubutu, katika hali ile, kusimama na kuuliza fedha za mauzo zimekwenda wapi?

Kifungu 2A cha Katiba kiliondolewa Desemba 1991, vyama vingi vikarudi, na mauzo yakaendelea. Mwaka 1996 ikafika zamu ya Shirika la Ndege la Kenya. KLM ya Uholanzi ilichukua asilimia 26, na umma wa Kenya ukauziwa asilimia 34 kwa shilingi 11.25 kila hisa. Baadaye madeni yalililemea shirika hilo, na mwaka 2020 biashara ya hisa zake ikasimamishwa sokoni, isirejee hadi Januari 2025. Mwaka 2001 Kampuni ya Sukari ya Mumias iliuza hisa zake kwa shilingi 6.25, mwaka 2019 iliwekwa chini ya mrasimu, na waliokuwa na hati za hisa wakabaki na karatasi. Kwa upande mwingine, hisa za KenGen zilizouzwa mwaka 2006 kwa shilingi 11.90 zilipanda zaidi ya maradufu siku ya kwanza sokoni. Hapo ndipo nchi ilipoingiwa na homa ya hisa. Kila mtu alimjua mtu aliyepata faida; waliopata hasara walinyamaza.

Homa hiyo ilifikia kilele mwaka 2008. Nchi ilikuwa bado inazika wafu wake. Zaidi ya watu 1,100 walikuwa wameuawa baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na Mkataba wa Kitaifa ulitiwa sahihi tarehe 28 Februari. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 28 Machi, Serikali ilifungua mauzo ya hisa bilioni 10 za Safaricom, sawa na asilimia 25 ya kampuni, kwa shilingi 5 kila moja. Thamani yake ilikuwa shilingi bilioni 50, na Afrika Mashariki haikuwa imepata kuona mauzo makubwa kama hayo.

Aliyetaka kununua alitakiwa aombe hisa zisizopungua 2,000, yaani awe na shilingi 10,000 mkononi. Watu wa chama waliunganisha akiba zao. Wengine walikopa benki, nazo benki zilikuwa tayari kuwakopesha kwa kazi hiyo. Kufikia tarehe 23 Aprili, mauzo yalipofungwa, waombaji walikuwa zaidi ya 800,000, na hisa zilizoombwa zilizidi mno zile zilizokuwapo. Matokeo yake ni kwamba aliyeomba alipewa sehemu tu ya alichoomba, kisha akasubiri kurudishiwa fedha zilizosalia huku riba ya mkopo ikiendelea kuhesabiwa. Biashara ya hisa hizo ilianza tarehe 9 Juni. Bei ilipanda kidogo, kisha ikaanza kushuka, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa chini ya zile shilingi 5. Aliyekopa aliuza kwa hasara ili alipe deni. Aliyeweza kungoja alingoja, na mwaka 2021 hisa hiyohiyo ilipita shilingi 40.

Tuwe wakweli: mauzo yale hayakuwa ulaghai kwa kila aliyenunua. Wako waliosomesha watoto kwa faida yake. Lakini tazama nani alifaidi. Alifaidi yule ambaye njaa haikumlazimisha kuuza. Soko la hisa humlipa mwenye subira, na subira ni mali ambayo maskini hana akiba yake.

Wala hilo si jambo zito kuliko yote. Zito zaidi ni lile lililoachwa bila jibu. Asilimia 40 ya Safaricom ilikuwa mikononi mwa Vodafone Kenya, na ndani ya Vodafone Kenya mlikuwa na sehemu ya kampuni iliyoitwa Mobitelea Ventures, iliyosajiliwa katika kisiwa cha Guernsey mwaka 1999. Kamati ya Bunge ya Uwekezaji wa Umma ililichunguza jambo hilo mwaka 2007. Nani walikuwa wenye Mobitelea? Walilipa nini hata wakapata sehemu hiyo? Chama cha ODM kilitaka mauzo yaahirishwe. Hayakuahirishwa, na majina ya wenye kampuni hiyo hayakupata kuwekwa wazi mbele ya wananchi.

Ndugu msomaji, lipime jambo hili. Kila mnunuzi wa kawaida alijaza fomu yenye jina lake kamili, nambari ya kitambulisho na anwani. Zaidi ya Wakenya 800,000 waliandika majina yao ili wapate kushiriki asilimia 25. Lakini aliyekuwa ndani tangu zamani, na kwa sehemu ambayo hakuna mchuuzi wa Kariokor angeweza hata kuiota, hakulazimika kuonyesha uso. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Katika jambo hili daftari lilikuwapo, ila liliandikwa majina ya wadogo tu.

Wasomaji wetu wa makanisani wanakijua kisa cha shamba la mizabibu la Nabothi katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme. Mara nyingi twahubiriwa tamaa ya Ahabu. Lakini kutaka kununua peke yake hakukuwa uovu wenyewe. Mfalme alitaja bei hadharani, na Nabothi akamjibu hadharani. Uovu ulianza pale zilipoandikwa barua kwa jina la mfalme, zikatiwa muhuri wake na kupelekwa kwa wazee wa mji, huku mwenye shamba akiwa hajui kilichoandikwa. Ndivyo ilivyo kwa mali ya umma. Inaweza kuuzwa kwa haki, na inaweza kuuzwa kwa barua zenye muhuri. Tofauti ya mambo hayo mawili ni kama mwenye shamba ameonyeshwa barua.

Kwa hiyo, linapotangazwa shirika lolote la umma kwamba litauzwa, tunashauri yaulizwe maswali matatu, na yaulizwe kabla mtu hajatoa shilingi. La kwanza: nani wamo ndani tayari, nani watabaki baada ya mauzo, na majina yao ya kweli ni yapi? La pili: kwa nini linauzwa sasa, na bei hiyo imepimwa na nani? La tatu: fedha zitakazopatikana zitaingia mfuko gani, na nani atatoa hesabu yake? Mradi wa maji hubaki ukionekana na barabara hubaki ikipitika, lakini fedha zikiingia kapu la matumizi ya kila siku, mwaka ukipita hatutakuwa na shirika wala fedha.

Wako watakaosema kwamba maswali haya huwatisha wawekezaji na kuchelewesha maendeleo. Twajibu kwamba mwekezaji mwema huuliza maswali hayohayo. Hakuna benki ya London inayonunua mbuzi kwenye gunia. Ina mawakili wake wa kulifungua. Mwananchi naye apewe gunia wazi. Na zaidi ya hayo, sheria iko upande wetu. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na Kifungu cha 201 kinataka uwazi, uwajibikaji na ushiriki wa umma katika fedha za nchi. Septemba 2024 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Ubinafsishaji ya mwaka 2023, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa vya kutosha. Waliokwenda mahakamani hawakuwa maadui wa maendeleo. Walikuwa wenye mali wakiuliza habari za mali yao.

Kwa yule anayetaka kununua, tunaongeza neno la tahadhari. Usikope ili ununue hisa. Chunguza wakala kabla ya kumkabidhi fedha: Machi 2008, wiki chache tu kabla ya mauzo ya Safaricom kufunguliwa, Nyaga Stockbrokers iliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria, na wateja wakahangaika kutafuta hisa na fedha zao. Kisha, ukishanunua, usikae kama aliyepewa zawadi. Hisa si hisani. Nenda kwenye mkutano mkuu wa kila mwaka, na usiende kwa sababu ya chakula cha mchana na mwavuli wenye nembo. Nenda na kitabu cha hesabu mkononi, uulize kwa nini deni limepanda na mishahara ya wakurugenzi ni kiasi gani.

Lakini tusidanganyike. Katika mkutano wa wenye hisa, mwenye hisa milioni moja ana sauti ya milioni moja, na mwenye hisa 200 ana sauti ya 200. Ni katika debe la kura peke yake ambapo mama wa viondo na mwenye benki wana sauti moja moja. Hiyo ndiyo sababu watu walipigwa na kufungwa wakidai kura ya siri na vyama vingi. Uamuzi wa kuuza mali ya wote ni lazima ufanywe mahali ambapo kila mtu ana sauti moja, yaani mbele ya wawakilishi waliochaguliwa na baada ya wananchi kusikizwa kwa kweli. Ukifanywa kwingine, kila asiye na fedha atakuwa amenyang'anywa kura yake kwa mlango wa nyuma.

Tunawaomba wachungaji, mapadre na viongozi wa jumuiya ndogondogo wa Eastlands wafanye jambo moja. Tangazo la mauzo litakapotoka, kitafutwe kijitabu cha maelezo yake, ambacho sheria hutaka kitolewe kwa umma. Mtu mmoja anayejua hesabu akisome mbele ya wengine baada ya ibada, kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa, hasa ule unaotaja wenye kampuni. Penye jina lisiloeleweka, liandikwe. Kisha barua iandikwe kwa mbunge, itiwe sahihi na wote waliokuwapo, wenye fedha za kununua na wasio nazo, na nakala yake ibaki kanisani.

Wazee waliolipa mtaa huu jina lake hawakupewa nafasi ya kuuliza walichokuwa wamebeba na kwa faida ya nani. Sisi tunayo.